Nukta

Ilikuja kwa posta, ndani ya kopo la bati:
unga mweupe, ungedhani chumvi ya kunyunyizia viazi,
na pembeni fuvu la kichwa, dogo kama stempu.
Baba aliliweka juu ya kabati, nyuma ya Biblia ya bibi,
mikono yetu isikofika.

Seleniti ya sodiamu.
Mwalimu Isbister alisema imezaliwa topeni.
Kule wanakosafisha shaba kwa umeme
shaba huhama upande huu kwenda ule,
na chini ya tangi hubaki tope jeusi
lenye fedha, lenye dhahabu kidogo, lenye hii.
Wanalichoma pamoja na magadi,
wanaliosha, wanalichuja, wanalikausha
hata weusi wote uishe.
Jina lake, akasema, ni la mwezi.
Usiku ule nikatoka kuutazama mwezi juu ya Maniototo
kama anayemkagua mkwe.

Udongo wetu haukuwa nayo.
Nyasi zilisimama ndefu, kijani, zinadanganya.
Wanakondoo walizaliwa wazima, wakaruka siku tatu,
ya nne miguu ya nyuma ikagoma.
Baba aliwapasua juu ya mlango wa zamani:
nyama ya paja imepauka kama samaki wa kuchemsha,
moyoni michirizi ya chaki.
"Wanakufa kwa kukosa kitu," akasema,
"kisichojaa hata ukucha wa Merran."
Merran ni mimi. Nikauficha ukucha.

Basi akaikoroga kwenye maji,
funda moja kwa kila mdomo,
na msimu ule hakuna aliyekaa chini.
Mbio! Mpaka uzio ukalegea.
Mama aliuza sufu akanunua miwani,
na mwalimu akaniambia hata kioo huihitaji:
chembe tanuruni hufuta ukijani wa chupa,
ukizidisha, chupa inageuka nyekundu
kama taa ya nyuma ya lori.

Kisha ukaja mwaka nchi ilipoacha aunsi ikashika gramu.
Baba alikuwa na vidole vya kufungia waya,
si vya desimali.
Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu na tuzo ya hesabu.
Akanipa penseli, mezani, kando ya siagi.
Nikagawanya. Nikazidisha.
Nikaweka nukta.

Alfajiri Pirihira aliingia bandani kupanga sufu,
akasimama mlangoni, pua juu.
"Nani amekula kitunguu saumu?"
Bonde zima hakuna aliyekuwa akikipika.
Harufu ilitoka kwenye pumzi zao,
wamesimama vichwa chini, mbavu zinapanda na kushuka,
povu puani, wala hawalii.
Mia mbili na kumi na mmoja.
Wa mwisho alinilalia kiatuni. Alikuwa wa moto.

Miligramu moja ingewaponya.
Niliwapa kumi.

Baba alichimba shimo siku mbili
na majirani walipokuja na majembe yao
aliwaambia kopo lilikuwa bovu.
Aliwaandikia hata kiwandani, barua ya matusi ya adabu.
Mimi hakunitazama, wala hakuacha kunitazama;
sijui niseme vipi.
Chakula kililiwa. Ng'ombe walikamuliwa.
Mwaka uliofuata aliniita tena mezani,
akasukuma penseli upande wangu.
Nilikataa. Akaiacha pale mpaka nikaishika.

Tumemzika Agosti, ardhi ngumu kwa barafu.
Katika Biblia ya bibi, kati ya Ayubu na Zaburi,
karatasi ile: tarakimu zangu za mviringo, za mtoto wa tuzo,
nukta imekaa nafasi moja kulia,
doa la siagi.
Na chini ya jibu, kwa penseli butu,
mkono wake mzito,
alama ya vyema.

Nimeipeleka dirishani. Nimeigeuza.
Nimetafuta kama penseli ilipita juu ya doa au chini yake.
Sijui aliiweka jioni ile, kabla hajakoroga,
au baadaye,
usiku fulani, peke yake, ili tuwe wawili.